Dairekta Aliyetikisa Ziwa

Dairekta aliyekuja kutupiga video alivaa kizibao chenye mifuko kumi na minne. Najua idadi kwa sababu niliihesabu wakati wa sala ya kufungua safari, na dhambi hiyo sijaiungama mpaka leo. Katika mifuko yote hiyo sikuwahi kumwona akitoa kitu isipokuwa simu, leso na bigijii.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, uwanjani mwa kanisa letu huku milimani, njia ya kwenda Litembo. Kwaya nzima tulikuwa tumepanga mstari kando ya Fuso, sare mpya za kitenge mikononi ili zisikunjike, tayari kushuka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kurekodi video ya nyimbo zetu sita. Sauti zilikuwa zimesharekodiwa studio mjini Mbinga miezi mitatu kabla. Kilichobaki ni sura, na sura, kamati iliamua, lazima iwe na maji nyuma. Sijui nani aliwaambia wana kwaya wa nchi hii kwamba Mungu haonekani vizuri bila maji nyuma.

Baada ya amina, dairekta alipiga makofi mara mbili akasema, "Haya wazee, twende kazi." Wazee wenyewe walikuwa mama zangu wadogo, mwalimu wa kwaya, na babu mmoja wa sauti ya besi aliyekuwa amepita miaka sabini. Nikamtazama yule kijana tangu viatu hadi miwani ya jua, kwenye ukungu ule, na moyo wangu ukamfungia mlango.

Lazima niseme mimi ni nani katika habari hii. Ni karani wa parokia. Naandika vyeti vya ubatizo, natunza funguo za ukumbi, na Jumapili naimba alto. Miaka kadhaa nyuma wageni kutoka Ulaya walimwachia Father kamera ndogo ya video, ya HD, ile ya kuingiza mkono kwenye mkanda wa pembeni. Father aliitumia mara moja. Alirekodi viatu vyake mwenyewe kwa muda wote wa mahubiri ya mgeni, kisha akaileta ofisini, akaiweka juu ya daftari la ndoa na kusema, "Mama Karani, chukua. Hiki kitu hakinipendi."

Siku za kwanza nilitikisa kama kila mtu. Nilirekodi Komunyo ya Kwanza, nikamwonyesha Father kwenye televisheni ya ofisini. Alitazama kidogo, akaondoa miwani, akaniuliza kwa upole wake wa kuudhi, "Siku hiyo kulikuwa na tetemeko?"

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, na hakuna aliyenifundisha. Nilitambua kwamba mkono ulionyooshwa mbele hauwezi kutulia, hata ungekuwa wa fundi saa. Kwa hiyo nikabana viwiko mbavuni. Kiganja cha kulia kwenye mkanda, cha kushoto chini ya kamera kama unavyopakata kichwa cha mtoto mchanga. Miguu wazi kidogo, magoti yasikaze. Nikatambua kwamba pumzi nayo hutikisa, hivyo navuta hewa, naitoa nusu, ndipo nabonyeza. Nikatambua kwamba ukivuta picha kwa kitufe ili kitu cha mbali kije karibu, unavuta na kila kutetemeka kwako. Afadhali usogee kwa miguu. Na kusogea kwenyewe nilikujua tangu utotoni. Sisi wasichana wa milimani tulipanda na ndoo za maji kichwani kwenye njia ambazo mbuzi huzifikiria mara mbili. Huwezi kuruka-ruka na ndoo. Unakunja magoti, unatanguliza kisigino, kiuno kinafanya kazi yote na kichwa hakina habari. Nilipoanza kutembea na kamera hivyo, picha ikaanza kuteleza kama mafuta.

Jambo la mwisho lilikuwa muda. Watu wakishika kamera hupatwa na kimuhemuhe, wanaruka kutoka uso huu hadi ule kama kuku anayedonoa. Mimi nilijiwekea sheria: kila picha, Salamu Maria moja. Naianza moyoni, na mpaka nifike amina kamera haihami. Nimerekodi jubilei, mazishi na upadrisho kwa njia hiyo, na hakuna Father wala sista aliyeniuliza tena habari za tetemeko.

Sasa kamati ya kwaya ilipokaa kutafuta mtu wa kutupiga video, nilikaa kiti cha nyuma nikisubiri kuitwa. Sikuitwa. Mwalimu wa kwaya, ambaye ni shemeji yangu na ambaye nimemrekodia harusi mbili za wanawe, alisema wamepata dairekta hasa, kijana aliyewahi kufanya kazi Dar na wasanii. Nikauliza, na kamera ya parokia je?

"Mama Karani," alisema, akitabasamu kama anayembembeleza mgonjwa, "wewe unarekodi matukio. Hii ni video."

Nilitoka kwenye kikao kile nikiwa nimelibeba neno hilo kama mtu aliyebeba kaa la moto mfukoni. Ndiyo, nilikuwa na wivu. Lakini wivu haumfanyi mtu mwingine ajue kazi.

Father akasema nichukue kamera yangu hata hivyo, kwa kumbukumbu ya safari. Nikaitia kwenye mkoba, chini ya kanga.

Tulishuka kwa lami ile mpya, kona baada ya kona, mashamba ya kahawa yakaisha, joto likapanda, watu wakaanza kuvua masweta. Babu wa besi aliketi mbele karibu na dereva kwa heshima ya umri. Huyu mzee alikuwa ameliona ziwa maisha yake yote, kwa sababu siku za hewa safi linaonekana kutoka juu kwetu kama bati lililolazwa chini, lakini hakuwahi kulifikia. Alipanda kahawa, alichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, akaimba besi. Aliniambia hana shida na maji yanayokaa mahali pamoja kwenye ndoo.

Mbamba Bay tulifikia nyumba ya wageni ya jimbo, na asubuhi iliyofuata tukaenda ufukweni kwenye mawe makubwa yanayoingia majini. Kando yetu akina mama Wanyasa walikuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja. Walitutazama tukijipanga kwenye jua na sare zetu, mabega kwa mabega, tukiogopa kulowesha viatu. Mmoja akauliza kwa sauti, bila kumwuliza mtu yeyote, "Hawa watu wa kahawa wamekuja kuyaimbia mawe?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika vichanja. Nilikubaliana nao.

Dairekta alitoa kamera yake. Ilikuwa kubwa kuliko yangu, nzuri, na iliniuma kuiona mikononi mwake. Stendi yake ya miguu mitatu aliiacha kwenye Fuso.

"Huitumii?" nikamwuliza.

"Stendi ni za watu wa harusi, sista," akasema. "Video ya kisasa lazima iwe na mwendo."

Aliniita sista. Namzidi miaka isiyopungua kumi na mbili.

Spika ikawashwa, wimbo wa kwanza ukaanza kutoka kwenye fleshi, nasi tukafungua midomo kufuatisha na kucheza hatua tulizofundishwa. Naye akaanza mwendo wake. Alishika kamera kwa mkono mmoja, kaunyoosha mbele kama mtu anayemtoa panya aliyekufa nje. Alikimbia akituzunguka. Alichuchumaa, akainuka, akaipinda kamera ubavu. Alivuta picha hadi ndani ya pua ya sopirano wa kwanza, kisha akairudisha nyuma hadi Malawi. Mchanga ulimfanya ajikwae, na pale alipojikwaa hakuacha kurekodi. Nadhani alihesabu kuwa ni mwendo pia. Nikawaza jinsi ziwa litakavyoonekana kwenye skrini, likimwagika upande huu na upande ule kama supu kwenye bakuli la mlevi.

Wimbo ulipoisha nilijizuia nikashindwa. Nikamwendea.

"Mwanangu, bana viwiko mbavuni. Na kuna kitufe cha kupunguza mtikisiko, kiwashe. Na ukitaka uso wa mtu, msogelee, usiuvute."

Akatafuna bigijii yake akinitazama kwa miwani ile nyeusi. "Sista, wewe imba tu. Hiyo ndiyo sehemu yako."

Mwalimu wa kwaya alisikia. Aliinamisha macho, akajifanya anatafuta wimbo unaofuata. Nikarudi kwenye mstari wangu wa alto, nikasimama pembeni kabisa, karibu na pale alipokuwa akisimama yule kijana, na kuanzia hapo sikuwa tena mwimbaji. Nilikuwa mtu anayesubiri mwenzake akosee.

Wimbo wa pili ndio uliotuleta kule. Ni wimbo wa wale wavuvi walioacha nyavu zao walipoitwa, nao huanza na sauti moja ya besi, bila kinanda, ubeti mzima. Sauti hiyo ni ya babu. Dairekta alitaka asimame juu ya jiwe refu lililoingia majini, ziwa lote nyuma yake, nasi tuwe chini kwenye mchanga. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho alikuwa na wazo zuri.

Kumpandisha mzee juu ya jiwe lile kulichukua muda mrefu kuliko wimbo wenyewe. Wanaume wawili walimshika, mmoja mbele akimvuta, mwingine nyuma akimsukuma. Alivua viatu ili asiteleze. Kila hatua magoti yake yalimtaka apumzike, naye akawa anayaambia maneno kwa Kimatengo, maneno ambayo mtu humwambia punda. Alipofika juu alisimama kwa kujishikiza, akageuka polepole, akaangalia maji pande tatu. Wale akina mama wa usipa walikuwa wameacha kuanika.

"Babu, uko sawa?" mwalimu akamwita.

"Niko," akajibu. "Fanyeni haraka."

Dairekta akabonyeza kitufe chake. Ila kidole chake kilikuwa na papara kama yeye mwenyewe. Alibonyeza, akabonyeza tena.

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na skrini ya kamera ilikuwa imefunguliwa kuelekea kwangu. Kila anayejua kamera hizi anajua alama ile ya pembeni. Ikiwa nyekundu, inarekodi. Ikiwa ya kijani, inasubiri. Ilikuwa ya kijani.

Niliiona kabla babu hajafungua mdomo. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja, "Bado." Neno lilinifika kinywani kabisa. Nikalizuia. Niliwaza, mwache. Mwache aimbishe ubeti mmoja bure, agundue mwenyewe, aaibike mbele ya kwaya nzima na mbele ya shemeji yangu aliyemleta, kisha turudie. Ubeti mmoja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Babu akaimba. Wengine sote tulikuwa tunachezesha midomo tu, lakini yeye hakuwahi kuelewa maana ya kuchezesha midomo. Aliimba kweli, kwa kifua chote, juu ya sauti yake mwenyewe iliyokuwa ikitoka kwenye spika, na sauti ya siku ile ilikuwa nzito na nzuri kuliko ile ya studio. Alikuwa amelipa mgongo ziwa alilokuwa akiliogopa. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Alianza kwa kujishikiza jiwe, na kufika katikati alikuwa ameuachia mkono, kausimamisha mbele yake kama anayemwita mtu aliye ng'ambo.

Ubeti ukaisha. Dairekta hakugundua kitu. Alikuwa anazunguka. Kiitikio kikapita, ubeti wa pili ukapita, alama ikiwa kijani kibichi kama jani la mgomba, naye anachuchumaa na kuinuka na kukimbia, anatikisa kamera ambayo haikuwa inarekodi hata mbu. Mimi nacheza hatua zangu, kulia, kushoto, geuka. Kila ubeti ulivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema, maana ningesema vipi kwamba nimeona sasa hivi? Wimbo ukaisha.

"Kata!" akapiga kelele. "Safi sana!" Akabonyeza kitufe kuzima. Na hapo alama ikawa nyekundu.

Kwa hiyo alichorekodi ni yaliyofuata. Kamera ikining'inia mkononi mwake, ikatazama mchanga, viatu vyake, suruali yake, na wakati fulani, ubavu-ubavu, ikatazama babu akiteremshwa.

Alikuja kujua baada ya chakula cha mchana. Nilimwona amekaa kwenye kivuli cha Fuso akipitia alichorekodi, bigijii imesimama mdomoni. Aliangalia, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Kisha akainuka, akaenda kwa mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, kuna changamoto kidogo. Memori kadi imegoma. Ule wa pili itabidi turudie."

Lakini upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuvuma, na mawimbi yalikuwa yakipiga jiwe lile mpaka juu. Mwalimu akamwendea babu, aliyekuwa ameketi ndani ya Fuso na miguu yake imenyooshwa kwenye kiti. Akamweleza kwa unyenyekevu mwingi. Babu akasikiliza hadi mwisho.

"Sipandi tena," akasema.

"Basi hata pale chini kwenye mchanga, babu."

"Mwalimu, mimi nimeshaimba." Akafumba macho. "Mtafute mwingine."

Wakamtafuta mwingine. Besi wa pili, kijana wa benki, aliimbishwa ubeti ule kwenye mchanga akichezesha midomo kwa sauti isiyo yake. Na kwa kuwa kadi ya dairekta eti ilikuwa mbovu, shemeji yangu alinijia akiwa amefutika tabasamu lote.

"Mama Karani, ile kamera ya parokia unayo?"

Ninayo, nikasema.

Nilifanya kazi mchana ule kama sijawahi kufanya. Niliegemeza bega kwenye jiwe nikapata picha za sura moja moja, Salamu Maria kwa Salamu Maria. Nilitembea mbele ya safu nzima ya kwaya, kwa mwendo ule wa ndoo, upepo ukinipiga, na skrini haikutikisika. Nikamwomba mvuvi mmoja anipeleke kwa mtumbwi kidogo ndani. Nikakaa chini kabisa, viwiko juu ya magoti, nikauacha mwili ufuate mtumbwi na mikono ifuate ufukwe, nikairekodi kwaya ikiwa ndogo chini ya yale mawe makubwa. Nilijua ninachokifanya. Na kila nilipobonyeza kitufe nilihakikisha yule kijana ananiona.

Nilipotoka kwenye mtumbwi, alikuwa amesimama peke yake majini, suruali ameikunja. Ningeweza kumpita. Nikasimama.

"Kamera inarekodi ikiwa nyekundu, mwanangu," nikamwambia. "Hata Father wetu anajua."

Akavua ile miwani. Alikuwa na macho ya kawaida tu, mekundu kidogo kwa jua, ya mtoto wa mtu.

"Kwa hiyo uliona," akasema.

Nikafuta matone ya maji kwenye kamera.

"Uliona toka mwanzo. Na ulikuwa pale pale." Akasafisha miwani kwa leso yake. Sauti yake haikuwa na hasira. "Mimi nimesema kadi mbovu. Wewe umenyamaza. Basi tuko wawili, sista."

Nilimdharau wakati ule kuliko wakati wowote mwingine, kwa kuwa alikuwa amesema kweli, na kweli ikitoka kinywani mwa mtu wa namna ile inanuka. Nikapanda kwenye Fuso. Babu alikuwa amelala, mdomo wazi, nyayo zake bado zina mchanga.

Video ilichukua miezi miwili. Ilionyeshwa Jumapili baada ya Misa ya pili, kwenye ukumbi wa parokia, mapazia yameshushwa, projekta imeazimwa. Dairekta ndiye aliyeunganisha vipande vyote, vyake na vyangu, na sitasahau nilichokiona. Jina la kwaya liliingia likiwaka moto. Mawaridi yalianguka kutoka mbinguni. Kulikuwa na maporomoko ya maji ambayo hayapo katika mkoa huu, na ndege kubwa ya abiria ilipita nyuma ya sopirano bila sababu. Mwalimu wa kwaya alitokea akiwa wanne. Kila kipande alichorekodi mwenyewe kilizunguka na kutikisika, ziwa likapanda juu ya vichwa vyetu na kushuka, nami nikashika kiti nikisubiri watu walalamike.

Watu walishangilia. Walipiga vigelegele. Kila kamera ilipozunguka mama mmoja nyuma yangu alisema, "Jamani, Dar hiyo!" Watoto waliinuka wakazunguka nayo.

Kisha kikaja kipande changu cha mtumbwini, kimetulia kabisa, kwaya chini ya mawe, maji yakipumua. Ukumbi ukanyamaza. Nikadhani wameguswa.

"Video imekwama?" mama yule akauliza.

"Subiri, itatembea," jirani yake akamjibu. Watu wakaanza kuongea, wengine wakatoka kufuata maandazi. Father, aliyekaa mstari wa mbele, aligeuka akanitafuta kwa macho, akatikisa kichwa kunisifu, na sifa zake peke yake hazikunitosha. Nilikaa pale nikiwadharau wote, watu niliowaandikia vyeti vya watoto wao, ukumbi mzima wa watu wasiojua tofauti kati ya kamera na ungo wa kupepetea.

Wimbo wa wavuvi ulipofika, ubeti wa kwanza ulisikika kwa sauti ya babu kutoka kinywani mwa kijana wa benki. Halafu, katikati ya kiitikio, ghafla, kwa muda usiofika Salamu Maria hata nusu, akaonekana babu mwenyewe. Ilikuwa ile picha ya bahati mbaya, imelala ubavu, inatikisika vibaya. Wanaume wawili wanamteremsha, mguu wake mtupu unatafuta jiwe, naye anacheka. Sikujua kama alicheka siku ile. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuona, macho yangu yalikuwa kwenye alama ya kijani na nyekundu.

Ukumbi ulicheka kwa furaha, ukamshangilia. Yeye alikaa na fimbo yake katikati ya magoti hadi mwisho.

Nje alinikuta kwenye ngazi nikifunga mlango wa ofisi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Mimi niko wapi mle?"

"Umeonekana, babu. Pale unaposhuka."

"Pale ninaposhuka nimepaona. Nauliza pale nilipoimba."

Ningeweza kusema kadi. Neno lilikuwa tayari, lilishasemwa na mwenzangu, na kila mtu alikuwa amelikubali. Badala yake nilimweleza. Nilimweleza alama ya kijani, na kwamba niliiona kabla hajaanza, na kwamba niliimba wimbo wote nikiitazama.

Alisikiliza kama alivyomsikiliza mwalimu ndani ya Fuso. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa namdharau yule kijana, babu. Nilitaka aaibike."

"Ehe." Watu walikuwa wakipita wakimsalimia, naye akawa anawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, kisha akanirudia. "Na mimi pia ulikuwa unanidharau?"

"Hapana, babu! Hata kidogo."

"Lakini mimi ndiye niliyekuwa juu ya jiwe."

Bodaboda yake ikafika, akapanda kwa shida, akamshika dereva kiunoni kwa mikono yote miwili, wakaondoka.

Tangu hapo hajabadilika. Ananiitikia salamu, ananitania kuhusu vyeti, na mara moja aliniletea ndizi ofisini. Miezi kadhaa baadaye nilijikaza nikamwomba nije nyumbani kwake na kamera, aimbe ubeti ule tu, popote anapotaka, amekaa hata kwenye kiti. Alisema tusubiri kahawa ivunwe. Kahawa ikavunwa. Nilipomkumbusha alisema magoti, nikamwambia magoti hayahitajiki, akacheka akaniuliza habari za watoto. Sijamwomba tena. Kwaya anaimba bado, ila wimbo ule amemwachia kijana wa benki, ambaye siku hizi anauimba vizuri.

Dairekta naye amepata jina. Ameitwa na kwaya za Mpepai, ameitwa na za Litumbandyosi, na Pasaka iliyopita nilimkuta mjini Mbinga akiirekodi kwaya nyingine mbele ya kanisa, mkono umenyooshwa, anakimbia. Aliniona. Akanipungia kwa mkono ule wa kamera bila kuacha kurekodi, kwa hiyo mahali fulani kwenye video ya watu nimo, nikiruka juu na chini. Nikamsalimia kwa kichwa, nikaenda sokoni.